Bunduki ya babu ilienda wapi?

Mwezi huu nawaletea habari ya nyumbani kwetu.

Babu yangu alikuwa na shotigani ya mitutu miwili, ile wazee wa Fizi wanaita kalibri 12. Baba yake aliinunua wakati wa Wabelgiji, ya kuwindia kanga na nguruwe wa porini. Mwaka 1996 vita vilipofika, babu alimwachia shemeji yake, yeye akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma na karatasi ya kibali tu. Mimi nilizaliwa hapa kambini, hiyo bunduki sijaiona.

Sasa babu anaumwa, na swali lake ni moja tu: "Mwalimu, ile bunduki iliua mtu?" Basi nikaanza kuitafuta.

Karatasi ina namba. Babu anakumbuka pia herufi ELG kwenye chuma, ndani ya duara kama yai, na juu yake taji. Alidhani ni jina la fundi. Kumbe ni alama ya mji wa Liège, Ubelgiji: maana yake imejaribiwa kwa baruti, haikupasuka.

Nikaenda kwa shemeji yake, naye yuko hapa hapa kambini. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Mjukuu, niliiuza kwa mwindaji mmoja. Watoto walikosa nauli ya boti." Miaka yote hiyo aliona aibu kusema.

Mwindaji ameshafariki, lakini binti yake tunachota naye maji bomba moja! Mama huyo aliniambia, "Kwa mikono ya baba iliua wanyama tu. Mwaka 1998 watu wenye silaha waliichukua usiku. Zaidi ya hapo sijui."

Nilimpelekea babu majibu hayo. Alimwita shemeji yake, wakala ugali pamoja. Kisha akanipa karatasi: "Itunze. Ikionekana, namba itasema ilikuwa ya nani."

Na ni kweli. Mwaka 2004 nchi zetu, Kongo, Burundi na Tanzania zikiwemo, zilisaini Itifaki ya Nairobi, ili silaha ndogo ziwekwe alama na kuandikwa.

Ndugu msomaji, wazee wako waliacha nini ng'ambo? Waulize leo, kabla hawajachoka kusema. Pengine jibu liko kwenye foleni ya maji.