Demani imeingia, kisukari kisikufungie nyumbani

Demani imeingia. Upepo wa kusi uliotuvurumisha tangu Mei umepungua nguvu, bahari imetulia, na lile joto la kaskazi bado halijafika. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi mvua za vuli zitakaposhika, sisi Wapwani hatuna kipindi kizuri zaidi cha kutoka nje. Jioni familia hujaa Mama Ngina, wapanda baisikeli huonekana Kilifi na Watamu, na wanaopenda vilima huelekea Kwale kutafuta baridi ya Shimba Hills.

Katika kila familia, hata hivyo, hakosi mmoja anayeachwa nyumbani. "Wewe una sukari, pumzika, usijichoshe." Mimi ninaishi na kisukari na ninajidunga insulini kila siku, kwa hivyo maneno hayo nayajua vizuri. Husemwa na watu wanaotupenda, na hofu yao ina msingi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni maandalizi, si kufungiwa ndani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima, wakiwemo wenye kisukari cha aina ya pili, wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Matembezi ya haraka ya nusu saa, siku tano, yanatosha kufikia kiwango cha chini. Mgonjwa anayekatazwa kutembea ananyimwa sehemu ya matibabu yake.

Basi hofu yenyewe inatoka wapi? Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Kwa mtu asiye na kisukari, mwili hupunguza insulini wenyewe ili sukari isishuke mno. Aliyejidunga hana njia hiyo: insulini ikishaingia haiwezi kurudishwa, nayo huendelea kufanya kazi huku miguu inapanda mlima. Vivyo hivyo kwa baadhi ya vidonge, kama vile glibenklamaidi, ambavyo hulazimisha kongosho kutoa insulini. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushukiwa na sukari kwa sababu ya kutembea. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua jina la dawa yako na kumuuliza daktari au muuguzi wa kliniki kama ni ya kundi linaloshusha sukari kupita kiasi. Muulize pia kuhusu moyo na macho yako kabla ya kuanza safari ngumu.

Kabla ya kutoka, pima. Kipimo cha kati ya 5 na 14 kwa kawaida kinaruhusu kuanza. Kikiwa chini ya 5, na unatumia insulini au vidonge vya kundi hilo, kula kwanza kitu cha wanga, mathalani ndizi moja au kipande cha mkate, halafu upime tena. Kikiwa juu ya 14 na unajihisi vibaya, una kiu kali au unatapika, siku hiyo si ya matembezi, ni ya kwenda hospitali. Ikiwa unajidunga kabla ya kuendesha baisikeli, epuka kuchoma paja, kwa kuwa misuli inayofanya kazi inaweza kuifanya insulini iingie kwenye damu haraka zaidi. Kupunguza dozi kwa ajili ya safari kunawezekana, ila kiasi chake kipangwe na daktari, kisikisiwe njiani.

Njia nayo ina hesabu yake. Chukua mfano wa maporomoko ya Sheldrick huko Shimba Hills. Kwenda ni kuteremka, na ukiwa chini unaburudika na maji, unajiona mzima kabisa. Kazi yenyewe iko kwenye kurudi, maana kule ni kupanda, na unapanda wakati mwili umeshatumia sehemu ya akiba yake. Mahali pa kupima ni pale chini, kabla ya kuanza kupanda. Mwambie mapema askari wa wanyamapori anayewaongoza kwamba huenda ukasimama mara mbili tatu. Msitu wa Arabuko-Sokoke hauna kupanda kwingi, lakini baisikeli kwenye mchanga huchosha miguu kuliko kwenye lami. Anayeanza, aanze na njia fupi anayoijua, asubuhi au jioni, mbali na malori na matatu.

Najua vile vipande vya kupimia ni ghali, na si kila mtu anaweza kupima kila saa. Ukiwa navyo vichache, vigawe: kimoja kabla ya kuondoka, kimoja kabla ya sehemu ngumu, na kimoja kabla ya kulala. Hicho cha mwisho wengi hukidharau. Misuli huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi baada ya safari, hata siku nzima, na sukari inaweza kushuka usiku mtu akiwa usingizini. Siku ya matembezi marefu, usilale na njaa.

Mfukoni, si kwenye begi lililobebwa na mwenzako, weka sukari ya haraka. Glukosi ya unga inafaa, na sukari ya kawaida pia inafaa. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi, moyo kwenda mbio au kuona njaa ya ghafla, simama na upime ukiweza. Kipimo kikiwa chini ya 4, tumia gramu 15 za sukari: vijiko vinne vidogo, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, mradi isiwe ile isiyo na sukari. Huna cha kupimia? Usingoje, tumia sukari. Kaa dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ukipata nafuu, kula kitu kidogo kabla ya kuendelea. Haluwa na chokoleti si dawa ya dharura, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia mwilini. Madafu ni matamu, lakini huwezi kujua dafu moja lina sukari kiasi gani.

Miguu isisahaulike. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za nyayo, ukakanyaga kijiwe kilomita nzima bila kujua. Vaa viatu vilivyofunika vidole, vikung'ute kabla ya kuvaa, na ukirudi nyumbani kagua nyayo zote mbili. Ufukweni usitembee pekupeku juu ya miamba ya matumbawe. Insulini nayo haipendi jua: iweke kwenye kivuli ndani ya begi, ikiwa imezungushiwa kitambaa chenye unyevunyevu nje ya mfuko wake. Usiiache ndani ya gari lililofungwa, wala usiigusishe na barafu.

Lililo gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuwaambia unaotembea nao. Wengi wetu huficha, hasa vijana, wakiogopa kuonewa huruma au kukosa mchumba. Lakini sukari ikishuka sana, mtu huongea ovyo, hukasirika bila sababu, hupepesuka. Asiyejua atadhani umelewa, na atakuacha uketi kando "upate fahamu". Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu mmoja tu akijua inatosha: ajue dalili, ajue sukari iko mfuko gani, na ajue kwamba ukizimia hapaswi kukutia chochote mdomoni. Akulaze kwa ubavu na kukukimbiza hospitali.

Tarehe 14 Novemba, demani ikielekea ukingoni, ni Siku ya Kisukari Duniani. Ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Leo tuna dawa ya kutuweka hai, na ni haki tuitumie kuishi, si kukaa barazani tukihesabu wanaopita.

Kwa hivyo, mama, baba, shangazi, wikendi hii mnapofunga safari, msimwambie mgonjwa wenu abaki. Muulizeni: "Umepima? Umebeba sukari?" Akijibu ndiyo, mpisheni atangulie.