Jeraha ni Moja, Maumivu ni Mengine

Wako watu wanaoamini kuwa maumivu hukaa ndani ya jeraha, na kwamba jeraha likiwa kubwa maumivu nayo hayana budi kuwa makubwa. Imani hiyo imo hata miongoni mwa askari, lakini ushahidi wa vita unaikanusha.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tabibu wa jeshi la Marekani, Henry Beecher, aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya katika mapigano nchini Italia. Walikuwamo waliovunjika mifupa na waliotobolewa vifua na matumbo, wote wakiwa na fahamu zao. Waliulizwa kama walitaka dawa ya kutuliza maumivu. Kiasi cha robo tatu yao walijibu kuwa hawaihitaji. Wala miili yao haikuwa imekufa ganzi: katika taarifa yake ya mwaka 1946, Beecher alieleza kuwa majeruhi kama huyo, akichomwa sindano vibaya, hulalamika kama mtu mwingine yeyote.

Sababu ni kwamba kinachosafiri kutoka jerahani si maumivu, bali ni habari tu. Mishipa ya fahamu huipeleka kwenye uti wa mgongo, na huko, kama walivyoeleza wataalamu Melzack na Wall mwaka 1965, mna kitu mfano wa lango, ambalo ubongo wenyewe unaweza kulibana au kulilegeza. Habari inayopita hufika ubongoni, ambako huunganishwa na habari za mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili, pamoja na yale mtu anayoyajua kuhusu hali yake. Hapo ndipo maumivu huzaliwa. Kwa askari wa Italia, alivyoona Beecher, jeraha lilikuwa na maana ya kuondoka vitani akiwa hai. Raia aliyepasuliwa hospitalini, mwenye kidonda kidogo zaidi, aliliona kuwa msiba, na aliiomba dawa.

Kwa hiyo anayelia kwa kidonda kidogo si lazima awe mwoga au mwongo. Maumivu yake ni ya kweli. Hatari kubwa zaidi iko kwa yule aliyenyamaza, kwani damu huweza kumvuja tumboni bila yeye kuhisi lolote. Ndiyo maana tabibu wa kikosi humkagua majeruhi mbele na nyuma, na kupima pumzi na mapigo ya moyo, hata kama mwenyewe anasema hajambo.