Hita inayopiga shoti haingoji mwisho wa mwezi

Tulifika Chole mwezi wa Julai, kipupwe kikiwa kimekolea na umande ukikawia majanini hadi jua lipande. Hii si Chole ya kisiwani Mafia inayofuatwa na watalii. Ni Chole ya bara, kata ya Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, nchi ya Wazaramo, ya mikorosho na mihogo. Tulikwenda kumpongeza ndugu yetu aliyejaaliwa mtoto wa pili, tukaikuta nyumba imo katika shughuli ambayo kila mama wa Pwani anaijua: mzazi alikuwa akikandwa.

Katika siku arobaini za uzazi nyumba hula maji ya moto kama inavyokula unga. Kuna maji ya kumkandia mama asubuhi na jioni, maji yake ya kuoga, na beseni la mtoto. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mafiga matatu na mzigo wa kuni. Tangu umeme wa REA uingie vijijini, familia nyingi zimenunua hita ya kutumbukiza, lile koili la chuma lenye mkono wa plastiki linaloning'inizwa katika ndoo au sufuria. Ni kifaa rahisi na chenye msaada mkubwa, nasi hatuandiki kukilaumu.

Tulichokiona ni bibi wa mtoto kuvaa kandambili na kukunja upande wa khanga mkavu mkononi kabla ya kuigusa sufuria. Tulipouliza, alitujibu pasipo wasiwasi wowote.

"Inauma kidogo, wanangu. Tumeshaizoea."

Ilikuwa imeanza kuuma wiki tatu kabla. Mwanzoni ilikuwa ganzi tu ya ncha za vidole, kisha mshtuko wa kiganja kizima. Baba mwenye nyumba alikuwa na habari, na alikwisha panga kumwita fundi mwisho wa mwezi, atakapolipwa kibarua chake. Tukalipokea jibu hilo tukaendelea na chai. Tunakiri kwamba hata sisi tuliona ni jambo la kungoja.

Siku ya pili, alasiri ikikaribia, kaka yake mtoto, mwenye miaka minne, alisogea peku kwenye sakafu ya saruji iliyolowa maji, akaweka kiganja kwenye ubavu wa sufuria. Tulisikia kishindo kabla ya kilio. Alikuwa ameangukia ukutani, mkono umelegea, midomo imempauka. Shangazi yake alikuwa na akili kuliko sisi sote: hakumkimbilia mtoto wala sufuria, alizima swichi ukutani kwanza. Alhamdulillahi, mtoto alipelekwa zahanati, akakaa chini ya uangalizi, na usiku akarudi akiomba uji. Mwenye nyumba ameturuhusu kuyaandika haya.

Fundi alikuja jioni ileile. Wiki tatu alikuwa hapatikani kwa sababu ya fedha. Saa tatu baada ya ajali akapatikana, na gharama yake yote haikufikia bei ya kuku wawili wa kienyeji. Alionyesha makosa mawili. Ganda la koili lilikuwa limepasuka, umeme ukavuja ndani ya maji, na maji yakaupitisha kwenye sufuria. Na nje ya nyumba waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ulikuwa umekatika pale unapofungwa kwenye nondo, pengine kwa jembe la mtu aliyekuwa akipalilia. Waya ulipokosekana, umeme ulisubiri mwili wa binadamu uwe njia.

Wengi huuliza: mbona breka haikukata? Hapa pana dhana potofu inayoua. Hita ya wati 1,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta takribani ampea sita na nusu, na breka ya kawaida imewekwa kuulinda waya usiungue, hivyo hukata mzigo unapozidi hapo kwa wingi. Moyo wa mtu unaweza kuvurugwa na umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Kwa breka ya kawaida hicho si kitu, nayo hubaki imetulia mtu akifa. Ipo breka ya aina nyingine inayohisi umeme unaovuja, na kwa matumizi ya nyumbani hupangwa kukata kwenye miliampea 30, yaani sehemu tatu za mia za ampea. Ukijenga, au ukimwita fundi mwenye leseni kwa kazi yoyote, ulizia hiyo. Nyumba iliyounganishwa kwa kifaa cha UMETA nayo imuulize fundi kabla ya kuchomeka hita, kwa maana mzigo wa hita si mzigo wa taa.

Kandambili tusizitegemee. Zikilowa, au soli ikitoboka, hazikingi kitu.

Kuna dalili nyingine tulizozizoea kama alivyouzoea bibi ule mshtuko. Plagi inapata moto au inabadilika rangi. Soketi inanuka plastiki iliyoungua. Maji yanachelewa kuchemka kuliko zamani kwa sababu koili limevaa ukoko mweupe. Sehemu zenye maji ya kisima ya chumvi ukoko huo huja haraka, nao huzuia joto lisitoke hadi koili lenyewe liungue na kupasuka. Hita ikiwashwa nje ya maji, au maji yakipungua koili likabaki wazi, huharibika kwa dakika chache hata ikiwa mpya. Na ile tabia ya kupima joto kwa kidole hita ikiwa inawaka ni ya kuachwa leo. Zima swichi, chomoa plagi, toa hita, ndipo utie mkono.

Ikiwa mtu ameshanaswa, usimshike. Kata umeme kwanza. Ukishindwa kuifikia swichi, msukume kwa mti mkavu, nawe usiwe umesimama kwenye maji. Hata akiinuka na kusema ni mzima, apelekwe akaangaliwe moyo.

Maji yenyewe nayo ni hatari isiyohitaji hitilafu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa takribani sekunde tano, na ngozi ya mtoto huwahi zaidi. Basi kwenye beseni yatangulie maji ya baridi, ya moto yafuate, na kiwiko cha mama kiwe kipimo. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na ute wa yai viachwe, kwani huhifadhi joto kwenye jeraha na kumpa kazi mganga.

Baadhi ya ndugu watasema: basi turudi kwenye mkaa. Jiko la mkaa nje au penye hewa halina neno. Lakini tunaijua desturi ya kuliingiza chumbani kwa mzazi usiku wa baridi, mlango umefungwa ili mtoto asipate upepo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu huilalia asiamke. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Masahaba wazime moto wanapolala, baada ya nyumba moja ya Madina kuwaungukia wenyewe usiku.

Tulizungumza pia na wazee msikitini, na mmoja alikiri kwamba huitumia hita yake mbovu kwa sababu hataki kukosa josho kabla ya Alfajiri. Nia ni njema, lakini dini haikumbana hivyo. Amru bin Al-Aas (r.a.), katika msafara wa Dhaatu Salaasil mwaka wa 8 Hijria, aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akaihofia nafsi yake, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimuuliza, Amru akaeleza hofu yake, naye Mtume akacheka wala hakumkemea. Kwa mtu mwenye afya, baridi ya Kisarawe si ya kufikia huko, maji ya mtungi yanamtosha. Mgonjwa na mzee dhaifu wawaulize masheikh wao, na wapashiwe maji kwa kuni.

Neno moja la matumizi. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 45 hula karibu nusu uniti ya LUKU. Ndoo tatu kwa siku ni kama uniti 42 kwa mwezi, mzigo mzito kwa familia iliyo katika kundi la D1 lenye kikomo cha uniti 75. Kufunika ndoo na kutopitisha joto linalotakiwa huokoa fedha. Na fedha hiyo ndiyo ya fundi.

Jioni ile mzazi alikandwa kwa maji ya kuni. Hita mpya ilinunuliwa siku ya tatu, baada ya ethi kufungwa upya na kufukiwa chini zaidi. Ile ya zamani kijana mmoja aliitupa jalalani nyuma ya nyumba. Bibi alikwenda akaiokota, akaukata waya wake kwa panga vipande vinne, ndipo akairudisha jalalani.