Tuwalipe Waandishi Wetu?

Mwandishi anayejitegemea, anayewatumia wasomaji makala kwa baruapepe kila wiki, awatoze? Tulipolijadili swali hili chamani, tuliona jibu linategemea msomaji yuko wapi.

Kwenye Substack, ada huanzia dola 5 kwa mwezi, na kampuni hukata asilimia 10. Hapa Clintonville hiyo ni bei ya kikombe cha kahawa. Kwa shangazi aliyeko Tanzania ni zaidi ya shilingi 11,000, hela ya mboga ya nyumba nzima. Lakini mwandishi wa huko naye ana gharama: kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu walipe zaidi ya shilingi 2,000,000 kwa maombi na leseni.

Cha bure nacho kina mlipaji. The Continent, gazeti linalosambazwa kwa WhatsApp tangu 2020, halimtozi msomaji kwa sababu wapo wafadhili.

Rai yetu ni hii: makala yabaki wazi kwa wote, na sisi wa ughaibuni wenye uwezo tuchangie. Tukisubiri wengine walipe, kalamu za Kiswahili zitanyamaza. Wewe je, utaanza na mwandishi gani?