Land Cruiser ya zamani ya dizeli: kwa nini bado inatafutwa Kenya na Tanzania, na mnunuzi akague nini

Katika gereji za Arusha, mji ambako safari nyingi za watalii kwenda Serengeti na Ngorongoro huanzia, si jambo la ajabu kuona Toyota Land Cruiser ya zaidi ya miaka 25 ikiwa imevuliwa bodi, chesisi yake ikichomelewa na kupakwa rangi upya. Nairobi kazi kama hiyo hufanywa na mafundi wa Grogan, na Dar es Salaam vipuri vyake hutafutwa Gerezani na Kariakoo. Magari ambayo kwingineko yangeuzwa kama chuma chakavu hapa hupewa maisha ya pili, na wanunuzi wake ni wakulima, wafugaji, wachuuzi wa minadani na wasafirishaji wa vijijini.

Kwa familia nyingi gari la namna hii ni akiba ya miaka kadhaa. Likichaguliwa vizuri, hulipa deni lake. Likichaguliwa vibaya, hubaki limeegeshwa uani, likila fedha bila kusogea.

Injini isiyohitaji kompyuta

Toyota ilianza kuuza Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 1984. Injini iliyozipa sifa kubwa katika ukanda huu ni 1HZ, iliyoanza kufungwa mwaka 1990. Ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina tabo, na dizeli husukumwa na pampu ya kimitambo badala ya kuongozwa na kompyuta. Haina mbio, lakini fundi wa makao makuu ya wilaya anaweza kuifungua na kuirudisha kazini kwa spana, vifaa vya kawaida na uzoefu.

Injini mpya za dizeli zina nguvu zaidi na hula mafuta kidogo. Hata hivyo, nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno, na hitilafu zake husomwa kwa mashine maalumu. Zaidi ya hayo, hazivumilii mafuta machafu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni kuanzia mwaka 2015, lakini ubora unaotoka bandarini si lazima ndio unaofika katika pampu ya kijijini. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwashawishi wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli.

Mchanganyiko huo huumiza hata injini za zamani. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulainishi huo, hivyo vyuma vya ndani husagika taratibu. Tofauti ni kwamba pampu ya zamani huweza kufunguliwa na kutengenezwa, ilhali mfumo wa kisasa ukiharibika mara nyingi hubadilishwa wote.

Land Rover Defender nayo ina wapenzi wake, hasa zile zenye injini ya 300Tdi ya silinda nne na lita 2.5. Uzalishaji wa Defender ya umbo la zamani ulikoma Solihull, Uingereza, Januari 2016. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya alumini, lakini chesisi ni ya chuma. Bodi inayong'aa, basi, isimzuie mnunuzi kuinama na kutazama chini.

Umri wa gari na sheria za mipaka

Sheria za nchi jirani hazifanani. Kenya haipokei gari la mtumba lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Land Cruiser ya mwaka 1996 inayouzwa Nairobi leo ni ile iliyoingia nchini humo zamani. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache za kazi maalumu. Tanzania haijafunga mlango kwa kigezo cha umri, bali hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari ya zamani.

Matokeo yake ni mtego kwa mnunuzi anayevuka mpaka. Gari linaloonekana rahisi upande wa pili huruhusiwa kuingia kwa kibali cha muda tu. Kulisajili nyumbani ni lazima lipite forodhani, na huko laweza kukataliwa kwa umri wake au kudaiwa kodi inayopita bei yake. Pia Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, ilhali Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Swali la usukani lijibiwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Ukaguzi kabla ya malipo

Ukaguzi bora huanza injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha jambo. Injini ya dizeli haina plagi za cheche: hewa hubanwa mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta, na katika 1HZ hubanwa takriban mara 22. Ringi za pistoni zikichoka, mbano hupungua na injini husumbua kuwaka asubuhi. Lakini tatizo hilo laweza pia kutokana na plagi za kupasha joto, ambazo gharama yake ni ndogo. Kipimo cha mbano wa kila silinda ndicho hutenganisha mambo hayo mawili, nacho huigharimu gereji muda mfupi tu.

Moshi nao una lugha yake. Moshi mweusi mwingi huashiria mafuta kuzidi hewa, pengine kwa sababu ya nozeli chakavu au chujio la hewa lililoziba. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma injini ikipata joto waweza kuwa dizeli isiyoungua vizuri au maji yanayoingia ndani ya silinda. Injini ikiunguruma, mfuniko wa kujazia oili ufunguliwe: mvuke ukifoka kwa nguvu, ringi zimechoka. Maji ya rejeta yakiwa na utando wa oili, au oili ikiwa na rangi ya maziwa, gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe imepata hitilafu.

Baada ya injini, chesisi. Igongwe kwa nyundo ndogo, hasa kwenye vishikizo vya springi na sehemu ya nyuma ambako matope hukaa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito uliofifia. Magari yaliyofanya kazi pwani hustahili kutazamwa mara mbili, kwa kuwa chumvi ya baharini huharakisha kutu. Mwisho, gari liendeshwe huku gia ya magurudumu manne na gia nzito zikijaribiwa kwenye udongo, kwa sababu wamiliki wengi hukaa miaka bila kuzitumia.

Matengenezo yaanze wapi

Wengi huanza na rangi, taa za ziada na matairi mapana. Mpangilio wenye busara ni kinyume chake. Kwanza ni usalama: breki, viungo vya usukani na matairi. Pili ni kinachoweza kuiua injini kwa siku moja. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Pale ambapo hakuna ushahidi wa tarehe ya mwisho, mkanda uhesabiwe kuwa umechakaa. Rejeta isafishwe, mipira ya maji ibadilishwe, na termostati isiondolewe kabisa kama wanavyozoea mafundi wengine, kwani injini isiyofikia joto lake huchakaa mapema.

Tatu ni oili zote, ikiwamo ya giaboksi na difu, pamoja na machujio. Nne ni springi, shokomzoba na sili za vituo vya ekseli ya mbele. Bodi na rangi ni vya mwisho, baada ya gari kutembea miezi michache na kuonyesha kasoro zilizobaki.

Karatasi zina uzito sawa na injini

Namba iliyogongwa kwenye chesisi lazima ilingane na ya kadi ya gari. Chesisi zilizochomelewa upya wakati mwingine huwa na namba iliyohamishwa, na gari la namna hiyo huweza kushikiliwa na polisi hata kama mnunuzi alilipa kwa nia njema. Nchini Kenya taarifa za umiliki huhakikiwa kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, na ni vyema kujua kama gari limewekwa rehani ya mkopo. Nchini Tanzania usajili na uhamishaji wa umiliki hushughulikiwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kuendesha kwa jina la mmiliki wa zamani kwa miaka mingi, kama ilivyo desturi ya baadhi ya watu, humwacha mnunuzi bila haki siku muuzaji anapofariki au kulikana gari.

Gari lenye moshi linaweza kutengenezwa, na hata chesisi yenye kutu kiasi hupona kwa fundi hodari. Lisilo na karatasi halali halina fundi. Hapo bei nafuu isiwe kishawishi: ni heri kurudi nyumbani na nauli ya basi, akiba ikiwa salama.