Safari za Kubadilishana Muziki: Nani Huenda na Nini Hurudi? Mfano wa Oicha na Majirani Zake

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza maana, historia na masharti ya safari ambazo wanamuziki na wanafunzi wa muziki hufunga kwenda nchi nyingine kwa nia ya kubadilishana utamaduni. Suala hilo linatazamwa kutoka Oicha, makao makuu ya eneo la Beni katika Kivu ya Kaskazini, kilometa zipatazo 30 kaskazini ya mji wa Beni, katika barabara iendayo Eringeti na Komanda. Oicha ni mji wa njia panda. Wanande wanakutana hapo na Wambuti wa msituni na wageni wa makabila mengine. Hospitali ya misheni ya Africa Inland Mission, ambako daktari Mmarekani Carl Becker alifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1964, iliwavuta wagonjwa kutoka mbali. Wamisionari hao walitumia Kiswahili cha Kongo, wakati huo kikiitwa Kingwana, katika ibada na mafundisho. Kwa hiyo Kiswahili ni lugha ya soko na shule, na pia ni lugha ambamo watu wasiokuwa na lugha moja ya nyumbani huimba pamoja.

Swali la makala ni hili: safari ya mwanamuziki huwa ya kubadilishana kwa sababu gani, na je, kijana wa Oicha, ambaye njia zake zimefungwa na vita, anaweza kunufaika nayo?

2. Neno na uzito wake

Lugha yenyewe inatoa kipimo. Kitenzi kubadili kina mtenda mmoja na kitu kimoja kinachogeuka. Kubadilisha kinaongeza kiambishi cha kusababisha. Kubadilishana kinaongeza kiambishi -an-, ambacho katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi za Kibantu, huonyesha kwamba watenda ni zaidi ya mmoja na kwamba kila mmoja ni mtenda na mtendewa kwa wakati uleule. Ndivyo ilivyo katika kufundishana, kutembeleana na kupokezana. Kitenzi cha mwisho kinahusu muziki hasa, kwani waimbaji hupokezana: mmoja anatoa sauti, wengine wanaipokea na kuirudisha.

Kwa kipimo hicho, mtu anayekwenda ng'ambo kuonyeshwa jukwaani kisha akarudi mikono mitupu amesafiri tu. Mtafiti anayekuja, akachukua sauti na kuondoka nazo, amechukua tu. Kiambishi -an- kinadai pande mbili zenye kutoa na kupokea. Historia ya eneo hili inaonyesha jinsi dai hilo lilivyotimizwa mara chache.

3. Sauti zilizosafiri bila wenyewe

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya kazi zake Afrika Kusini, alipita katika Kongo ya Kibelgiji na mashine zake za kurekodi. Pembezoni mwa msitu wa Ituri alirekodi muziki wa Wabudu, Wambuti na Wanande. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya International Library of African Music, aliyoiasisi mwaka 1954, na ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Bila kazi hiyo sehemu ya muziki wa miaka ile isingesikika tena. Hata hivyo, kijana wa Oicha anayetaka kusikia jinsi babu zake walivyopiga ala hana budi kuitafuta sauti hiyo maelfu ya kilometa kutoka kwao.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Mtaalamu wa elimu ya watu Colin Turnbull alifika Epulu, katika Ituri, kwa mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi baadaye na kurekodi nyimbo za Wambuti. Wimbo mmoja wa unyago wa wasichana wao uliingizwa katika diski ya dhahabu iliyofungwa kwenye vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977. Chombo cha kwanza kati ya hivyo viwili kilivuka mpaka wa upepo wa Jua mwaka 2012. Hivyo sauti ya msitu wa Ituri imekwenda mbali kuliko msafiri yeyote aliyepata kuzaliwa. Orodha ya diski inataja nchi, watu wa asili na jina la aliyerekodi. Waliouimba wimbo hawatajwi majina.

Mifano hii haitajwi ili kuwalaumu wakusanyaji, kwani walihifadhi mengi. Inatajwa kwa sababu inaonyesha mwendo wa upande mmoja. Upo pia mfano wa kurejesha. Mwaka 2014 maktaba hiyo ya Tracey, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilianza kuwarudishia Wakipsigis wa Kenya rekodi alizozichukua Tracey kwao mwaka 1950. Sauti ikirudi kwa wenyewe, kiambishi -an- huanza kupata maana, ijapokuwa kwa kuchelewa.

4. Wanamuziki waliosafiri wenyewe

Zipo safari ambazo watu, si sauti peke yake, walivuka mipaka. Katika pwani mfano maarufu ni wa Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya Gramophone. Santuri zilirudi pwani zikauzwa na kusikilizwa mabarazani, nazo zikaipa taarabu ya Kiswahili heshima mpya. Safari hiyo ilikuwa ya biashara, lakini matunda yake yalirudi nyumbani kwa sauti na kwa majina ya wenyewe.

Katika Kongo, safari inayohusu wanafunzi hasa ni ile ya mwaka 1958. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa ameunda huko Kamina, Katanga, kwaya ya wavulana wapatao 45 pamoja na walimu, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao iitwayo Missa Luba, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Kamina mwezi Machi 1958, ilikua kutokana na ubunifu wa waimbaji wenyewe kwa pamoja. Kisha kwaya ikazuru Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, ikaimba pia katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Santuri yao ilienea duniani. Jina lililojulikana kwa wasikilizaji wengi, hata hivyo, lilikuwa la padri aliyepanga muziki, na wavulana wakabaki kundi.

Katika maonyesho hayohayo ya Brussels, Wakongo wengine waliwekwa katika kijiji cha mfano nyuma ya uzio, watazamaji wakawarushia maneno na vitu. Wakongo hao walichoshwa na dharau hiyo wakarudi kwao mwezi Julai, kabla maonyesho hayajafungwa. Mji mmoja, mwaka mmoja: kundi moja lilisikilizwa, jingine lilitazamwa. Tofauti hiyo ndiyo inayopasa kukumbukwa na kila anayepanga kuwapeleka vijana ng'ambo. Kutazamwa hakuhitaji kujibizana. Kusikilizwa kunaweza kuwa mwanzo wake.

Mwanamuziki wa gitaa Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Tracey huko Katanga mwaka 1952, aliwahi kufanya kazi Nairobi, na mwaka 1969 akapiga katika tamasha la Newport, Marekani. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili, na mtindo wake wa vidole uliigwa na wapiga gitaa wa Kenya. Hapa kuna jambo la kuzingatia: athari yake kubwa kwa wanamuziki wenzake ilijitokeza katika nchi jirani, ambako lugha yake ilieleweka.

5. Njia ya karibu: Wanande na Wakonzo

Mfano huo wa Bosco unaturudisha Oicha. Ng'ambo ya iliyo karibu nayo ni ile ya mto Semliki na milima ya Rwenzori. Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda ni watu wa asili moja na lugha zinazosikilizana, waliotengwa na mpaka wa kikoloni. Mtaalamu wa muziki kutoka Italia, Serena Facci, ambaye utafiti wake miongoni mwa Wanande ulianza miaka ya 1980, alichapisha mwaka 2009 makala mahsusi kuhusu ngoma za pande hizo mbili katika karne ya ishirini. Kwa hiyo kubadilishana muziki kuvuka mpaka si wazo lililoletwa na wafadhili.

Ala zenyewe zinafundisha jambo. Endara ya Wakonzo ni marimba ya magogo yanayolazwa juu ya mashina ya migomba, na hupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mpigaji mmoja peke yake hana wimbo kamili. Mpango wa kumchagua kijana mmoja hodari na kumpeleka ng'ambo, ambao unafaa kwa mpiga piano, haufai kwa endara. Hapa linalosafiri ni kundi, au mwalimu mmoja anayeweza kulifundisha kundi jingine. Tena magogo hayo yanaweza kuchongwa upya na migomba kukatwa kokote kulikofikiwa. Ala haibebwi, kinachobebwa ni maarifa.

6. Vikwazo vya Oicha

Pamoja na hayo, njia ya karibu imekuwa ya hatari. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni wameuawa kwa wingi katika mashambulio ambayo mengi yamehusishwa na waasi wa ADF, na Oicha yenyewe imepigwa mara kadhaa. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulizuia mikusanyiko na safari. Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini imewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwezi Juni 2023 wanafunzi zaidi ya 30 waliuawa katika shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, upande wa Uganda, karibu kabisa na kivuko cha Kasindi. Goma, ambayo tamasha lake la Amani lilianza mwaka 2014, ilitwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025.

Kwa safari za Ulaya kuna vikwazo vya ofisi pia: pasipoti, kibali cha wazazi kwa walio chini ya umri, na viza ambayo kwa kawaida huombwa Kinshasa, mji unaofikiwa kutoka Beni kwa ndege. Gharama ya kuomba tu, kabla ya jibu, inaweza kuwazidi wazazi wa mwanafunzi. Matokeo yake ni kwamba anayesafiri mara nyingi huwa mkazi wa mji mkuu, na Oicha huwakilishwa na mtu asiyeijua.

7. Masharti ya safari yenye kubadilishana

Kutokana na mifano iliyotajwa, masharti manne yanaweza kutolewa.

(a) Safari iwe ya pande mbili. Mpango wa MOVE, uliowaunganisha vijana wanamuziki wa Norwei, Malawi, Msumbiji na Brazil, ulijengwa juu ya msingi huu: anayekwenda kusini na anayekwenda kaskazini wote walifanya kazi na kufundisha katika nchi iliyowapokea. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asiyepona kwa ujio wa mgeni amepata gharama tu.

(b) Kila mshiriki awe mwalimu. Katika kambi za Ethno, zilizoanzia Falun, Uswidi, mwaka 1990, kila kijana huwafundisha wenzake wimbo wa kwao kwa kusikiliza, bila kutegemea maandishi ya noti. Njia hii inamfaa kijana wa Oicha aliyejifunzia ukumbini au kanisani, kwa kuwa ujuzi wake wa kusikia ndio unaohitajika.

(c) Majina na haki viandikwe. Kila rekodi itaje waliopiga na walioimba, na nakala ibaki walikotoka. Kasoro ya mwaka 1958 na ya mwaka 1977 haina sababu ya kurudiwa.

(d) Marejeo yapangwe kabla ya safari. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aliyerudi apewe darasa, chumba na saa za kufundisha. La sivyo, alichojifunza kitakwisha katika masimulizi.

Kuhusu mahali pa kuanzia, Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo imekuwa na tamasha lake la sanaa na utamaduni, JAMAFEST, lililofanyika Kigali 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Katika miji hiyo kijana wa Oicha hahitaji mkalimani wakati wote, kwa sababu Kiswahili chake, pamoja na tofauti zake za matamshi na msamiati, kinaweza kusikilizana na Kiswahili cha wenzake. Anaweza kueleza mwenyewe wimbo wake unahusu nini, na kukataa unapoelezwa vibaya.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba safari ya muziki hupimwa kwa kile kinachorudi, na kwamba kutoka msitu wa Ituri na Kongo kwa jumla sauti zimetoka kwa wingi kuliko zilivyorejea. Vita havimzuii kijana wa Oicha kusafiri peke yake. Vinamtenga pia na wazee wenye ujuzi, kwa kuwa familia zinazokimbia hutawanyika. Kwa sababu hiyo kubadilishana hakuwezi kungojea amani kamili wala viza. Kurejeshwa kwa rekodi za 1952 kwa shule na kwaya za Beni na Butembo, na kumwalika mwalimu mmoja wa endara kufundisha mahali penye usalama, ni hatua ambazo chuo kikuu cha eneo hili kinaweza kuzianza. Kundi litakaposafiri baadaye, litakuwa na cha kuwafundisha wenyeji wake.