Bluzi nyeupe inaanza na beseni

Labda nyumbani kwako kuna kijana anayesema: "Baba, miye nataka kuwa infirmie." Huku kwetu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, neno hilo linafurahisha wazazi wengi, juu wanaogopa mashimo ya kobalti. Lakini mbele ya kutoa minervali, mukae chini muongee.

Infirmie wa A2 anasoma miaka 4 kwenye ITM, kiisha kumaliza mwaka wa 2 wa sekondari, ambao siku hizi unaitwa mwaka wa 8 wa elimu ya msingi. Mwenye diploma ya serikali anaweza kuingia ISTM, na huko anaweza kuwa A1. Msaidizi wa wauguzi ni mwingine. Yeye anafundishwa muda mfupi, na kazi yake anaifanya chini ya macho ya infirmie. Ni kazi ya heshima. Ila mtu akikuahidi kwamba kwa miezi 6 utakuwa infirmie kamili, anataka paka feza zako. Enda kwanza kwenye biro ya zone ya afya, uulize kama shule ile inajulikana.

Na kazi yenyewe? Beseni, sabuni, kitambaa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, wewe unamgeuza kila masaa 2, mchana na usiku. Bila hivyo ngozi ya mgongo, ya kiuno na ya visigino inaoza. Unapima joto. Unahesabu mapigo ya damu dakika nzima (mtu mzima aliyetulia ni 60 mpaka 100), na unaandika saa uliyopima. Unamlisha mzee polepole, akiwa ameketi, asipaliwe. Na ukitaka kumuosha mama wa watu, funga kwanza kitenge kwenye kitanda, umwambie unachotaka kufanya. Mwite "mama" ao "baba". Usimwite "kitanda cha sita"!

Mikono inaoshwa mbele ya kugusa mgonjwa na nyuma yake. Ebola ilipoingia Kikwit mwaka 1995, wagonjwa 315 walihesabiwa, na 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya. Kwa hiyo glavu si mapambo.

Kuna jaribu lingine, tena kubwa. Siku watu wa avenue wataona bluzi yako, wataanza kukuita "docta". Jirani atakuja usiku na seringi mkononi: "Mwanangu, nichome tu hii." Wewe hukufundishwa sindano. Kataa kwa upole, halafu umsindikize dispensari, hata kama atakasirika. Mtoto anaweza kulemaa mguu kwa sindano moja iliyochomwa pabaya.

Sasa feza. Tuseme wazi, juu wengi wanaficha. Kwenye hospitali za serikali, watu wengi wapya wanangoja miaka kabla ya kuingia kwenye liste ya mishahara. Wanaishi na primi inayotoka kwa malipo ya wagonjwa. Mwezi wagonjwa wakiwa wachache, nayo inapungua. Hospitali za makanisa na za kampuni zina mipango yao. Basi uliza mbele ya kuanza: nitalipwa na nani, na kila mwezi ao hapana?

Wewe kijana ambaye ungali unasita, jipime hapo nyumbani. Kama nyanya ni mgonjwa, mwombe dada yako apumzike wiki moja. Umuoshe wewe, umgeuze wewe, uamke usiku. Siku ya saba utajua kama unataka kwenda kujiandikisha.